Swichi Sita na Jina la Jogoo

Asubuhi ile Uzi aliamka na wazimu mmoja kichwani: kabla kaka yake hajatia mguu mlangoni alasiri, mashine ya pinboli pale sebuleni iwe imepona, na jina la kaka liwe bado juu ya orodha ya washindi. Yote mawili, si moja. Mashine ikibaki mbovu hakuna mchezo, na jina likifutika hakuna wa kushindwa. Uzi alikuwa amengoja miaka mingi kumshinda huyo kaka ana kwa ana, na leo hakuwa tayari kusikia sababu.

Kaka mwenyewe nyumbani wanamwita Jogoo, kwa kuwa tangu utotoni hajawahi kushinda kitu akanyamaza. Uzi, dada yake mdogo, alipewa jina lake kwa wembamba, kisha akakua akawa fundi cherehani na jina likamkaa kama amepimiwa. Mashine waliachiwa na mjomba wao, aliyeinunua kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa. Ni kasha refu la miguu minne, lina kioo juu na gololi ya chuma ndani, na vibawa viwili unavyovipiga kwa vitufe vya ubavuni ili gololi isidumbukie shimoni. Nyuma yake limesimama sanduku la juu, lenye taa na alama. Jogoo alipokuwa anakwenda kufanya kazi mbali, mchezo wake wa mwisho ulivunja rekodi zote, na mashine ikaandika JOG, maana inapokea herufi tatu tu. Chini yake ni UZI, UZI, UZI, mpaka mwisho wa orodha.

Siku hiyo hiyo ya safari Jogoo alilifunga sanduku la juu kwa ufunguo, akamkabidhi Mama.

"Asiliguse mtu," alisema. "Mkilifungua tu, jina langu limefutika."

Mama akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Vumbi alilifuta kwa mbali, wageni aliwafokea wasiegemee, na taa mojawapo ilipokufa aliiacha ife kifo chake.

Sasa ugonjwa wa mashine ulikuwa huu. Upande wa kushoto kuna shabaha nne zimejipanga. Ukizigonga zote, alama zinamiminika, na bila hizo humfikii Jogoo hata ucheze mpaka vidole viote sugu. Shabaha ya kwanza ilianza uvivu zamani, mara inahesabu, mara haihesabu. Zikafuata nyingine. Sasa gololi ilizigonga zote na mashine ikanyamaza kabisa, kana kwamba imenuna. Mama alikuwa na maelezo yake.

"Mkono wako umeisha, mwanangu. Cherehani imekumaliza."

Uzi alikuwa ameanza kuamini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akazima umeme, akatoa kioo, akauinua uwanja wa mchezo na kuuegemeza. Chini yake palikuwa na waya za kila rangi, zimefungwa mafungu mafungu. Nyuma ya kila shabaha kuna swichi, vijani viwili vyembamba vya chuma vinavyogusana gololi ikipiga. Akapitisha kipande cha kadi ngumu katikati ya vijani, akakisugua taratibu. Msasa hakuthubutu, kwa sababu msasa unakwangua ngozi ya chuma na kuiacha swichi mbovu kuliko ulivyoikuta. Kadi ikatoka na weusi kidogo. Akavikaza vijani, akawasha, akaibonyeza shabaha kwa kidole.

Kimya.

"Wewe nawe!" akaiambia mashine. "Nikufanyeje?"

Ndani ya kijimlango cha mbele kuna kitufe cha kupima swichi. Ukikibonyeza, mashine inaacha mchezo na kukungoja, na kila swichi unayoigusa inalia na kujitaja namba. Uzi akaanza kona ya juu, akizigusa moja moja. Inalia. Inalia. Inalia. Akafika kushoto, shabaha nne, kimya. Akaendelea. Ya njia ya kulia nayo kimya. Hiyo hakuitarajia. Na ya kijishimo cha katikati, kimya pia.

Swichi sita! Akakaa chini sakafuni. Swichi sita hazikubaliani kuugua pamoja, hata ziwe na uadui gani na mtu. Basi kilichokufa si swichi, ni kitu ambacho zote sita zinakitegemea. Akazima tena, akaingiza kichwa chini ya uwanja na tochi, akafanya kile anachokifanya kila siku nguo ikija imefumuka, akaushika uzi mmoja na kuufuata. Kila swichi ilikuwa na waya mbili za rangi zake. Lakini waya mmoja, mweupe wenye mstari wa kijani, ulitoka shabaha ya kwanza ukaenda ya pili, ya tatu, ya nne, ukavuka kwenda njia ya kulia, ukarudi kijishimoni. Sita zile zile, bila ya saba.

"Mama! Mama weee!"

Mama akatoka jikoni mbio, mikono inachuruzika maji. "Umeshikwa na umeme?"

"Nimeupata! Nimempata mwizi!"

Akachukua mita ya kupimia waya, ncha moja kwenye swichi, nyingine akaisogeza mbele kufuata waya ule. Mita ikalia kila hatua, maana waya ulikuwa mzima. Ikalia mpaka mahali waya unapoingia sanduku la juu. Hapo Uzi akanyanyua macho, akamwangalia Mama. Mama naye akaangalia dari.

"Hapana," alisema Mama.

"Mama, ugonjwa uko humo ndani."

"Ukae humo humo. Nilimwahidi mwanangu."

"Na mimi nani wako, mpangaji?"

Mama alitaka kucheka akajizuia. Uzi akamweleza polepole. Mashine ikizimwa, jina linashikiliwa na betri zilizomo sandukuni. Ikiwashwa, linashikiliwa na umeme. Kwa hiyo kinachotisha ni kutoa betri wakati imezimwa. Hata kaka alijua nusu tu ya habari.

"Na hizo betri, tangu aondoke zimebadilishwa na nani?" akauliza.

Mama akaenda chumbani, akarudi na mkoba wake, akauchimba mpaka chini na kutoa ufunguo.

Mlango wa sanduku ulipofunguka, Uzi alipiga yowe. Betri tatu zilikuwa zimevuja, zimeota unga wa kijani na mweupe, na maji yake yalikuwa yameteremka kwenye bodi ya umeme mpaka kwenye soketi ya zile waya. Pini ya waya mweupe wenye mstari wa kijani ilikuwa imeliwa ikabaki kijiti. Akazipima betri. Zilikuwa zinakata roho. Kidogo tu zaidi, jina la Jogoo lingejifuta lenyewe, na ufunguo umo mkobani salama salimini. Lilikuwa linauawa na huko kulindwa.

Halafu likamjia jingine, akasimama nalo katikati ya sebule. Shabaha zilikuwa zinakufa moja moja miaka yote hiyo. Miaka yote hiyo aliyochekwa.

"Mama, mkono wangu haujaisha! Sikuwa na kosa!"

"Haya, nimesikia, jirani naye amesikia. Fanya kazi, kaka yako yuko njiani."

Akawasha mashine. JOG ikajitokeza juu ya orodha. Sasa azitoe betri huku umeme unatembea, na chini tu ya bodi kuna transfoma isiyo na mchezo. Akavua pete na saa, akachukua vibanio vya nguo vya mbao badala ya koleo. Mama akashika tochi kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akashika gauni la Uzi.

"Unanishika ya nini?"

"Ukinaswa nikuvute."

"Tutanaswa wote wawili, Mama. Niachie!"

Betri ya kwanza ikatoka. Ya pili iling'ang'ania, akaitikisa, ikaachia ghafla na mkono ukaruka, na wote wawili wakasema "Yesu!" na "Mungu wangu!" kwa pamoja. Ya tatu ikatoka. Akakwangua springi zilipokuwa na unga, akachomeka betri mpya, akapima. Zinashika. Akazima mashine.

Kilichobaki ni kazi ya mikono aliyoizoea. Akausafisha unga kwa siki na mswaki mkuukuu, akapangusa kwa spiriti, akakausha kwa feni ndogo ya nywele. Kisha akakipasha moto chuma cha kulehemu, akaunga kipande kifupi cha waya kutoka palipo pazima kwenye bodi mpaka kwenye ule waya mweupe, akiruka pini iliyooza. Kiungo kikatoka kidogo, kinang'aa. Akakipulizia, akamwangalia Mama, akawasha.

JOG.

Mama akapiga kigelegele pale pale. Uzi akakimbilia mbele, akabonyeza shabaha ya kwanza. Ikalia! Ya pili, ya tatu, ya nne, njia ya kulia, kijishimo. Zote sita. Alicheza dansi peke yake kuizunguka mashine.

Akarudisha kioo. Ajaribu mchezo mmoja tu, kuhakikisha. Mchezo mmoja tu! Gololi ikaruka, kibawa cha kulia kikaituma kushoto, na shabaha zikaanza kuhesabu. Nne zote. Alama zikamiminika, zikamiminika tena, mikono yake ikifanya mambo ambayo hakujua inayaweza. Mama nyuma yake alikuwa anaruka.

"Unamkaribia! Uzi, unamkaribia!"

Gololi ya mwisho ikawa inashuka taratibu kwenye kibawa cha kulia, mahali pazuri kuliko pote. Pigo moja tu kushoto na amempita. Uzi aliliona pigo lenyewe. Akaziangalia zile herufi tatu juu, kisha akaangalia mlango uliofungwa. Akaondoa mikono.

Gololi ikapita juu ya kibawa, ikadumbukia.

"We! Umefanya nini?" Mama alilia kabisa. "Ulikuwa umeshampita!"

"Yeye hayupo," Uzi alisema. "Ataniambia mashine ilikosea. Nataka awepo."

Alijilaani hapo hapo. Je, asipoweza tena?

Jogoo aliingia na mabegi, shikamoo moja kwa Mama, kumbato moja refu, na macho tayari yako sebuleni. Alipoona jina lake aliangusha begi.

"Mpaka leo! Mdogo wangu, mpaka leo? Hata kunikaribia?"

Mama akafungua kinywa. Uzi akamwangalia. Mama akakifunga, akavuta kiti akakiweka ubavuni mwa mashine.

"Kaa hapa, mwanangu. Uone vizuri."

Gololi ya kwanza Uzi aliipoteza kwa haraka, na Jogoo akawika. Ya pili ilikaa. Shabaha nne zikalia, zikalia tena, na kaka akaacha kuongea. Gololi ya mwisho iliposhuka kwenye kibawa cha kulia, Uzi hakungoja, aliipiga. Nne zote. Taa zikawaka ubao mzima, na Mama akapiga makofi bila kujua anampigia nani.

Mashine ikaomba herufi tatu. Uzi akanyoosha kidole, Jogoo akamshika mkono.

"Subiri kidogo," alisema kwa sauti ndogo. "Kule nilikokuwa, kila nikichoka nilikuwa najiambia kuna mahali bado niko juu."

Walisimama wote watatu wakiitazama JOG. Uzi hakumharakisha. Kisha Jogoo akauachia mkono wake.

"Haya, andika. Umenipiga vizuri."

Uzi akabonyeza U.