Mkono wa Mtendaji Kabatini

Jumatatu saa mbili asubuhi Saumu alifagia ofisi ya kijiji, akafuta vumbi kwenye kabati la vioo, akamchemshia mtendaji chai ya mchaichai. Alipogeuka aliona wadudu wekundu, wakubwa kama punje za maharage, wakitoka pembeni mwa laptop ya ofisi na kushuka mezani kwa mstari. Aliwafagia akawamwaga nje. Kuku waliwaonja, wakawatema.

"Virusi hao," alisema mtendaji, Bwana Hezekia. "Wametoka kwenye flashi ya video za harusi."

Halmashauri ya kijiji ilikaa kuamua kama iwekwe antivairasi ya bure au ya kulipia. Ilikaa saa tatu. Wajumbe wengi walikuwa hawajawahi kuigusa laptop hiyo, na kwa hiyo walizungumza kwa kirefu. Mzee Kristian, ambaye huwashiwa redio na mjukuu wake, alisema rahisi huvunja upishi. Mwisho wakachagua ya bure, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na neno "bure" lilikuwa jepesi kuandika kwenye muhtasari.

Saumu aligawa chai akasikiliza. Laptop hiyo ilimhusu. Ndani yake mlikuwa na orodha ya mashamba, na tangu Aprili shamba la bondeni la mama yake, Mwanamisi, lilikuwa na jina la Stephano, mdogo wake mtendaji. Masale ya mpakani mama aliyapanda mwenyewe, majirani wakishuhudia. Stephano aliyang'oa akapanda kabichi. Mama alipolalamika, mtendaji alimjibu kwamba kompyuta haisomi masale.

Fundi Alen alipanda mlima kwa pikipiki kutoka Lushoto mjini.

"Hii ya bure inakagua kila kitu," alisema. "Haichagui. Ndiyo ubaya wake. Kinachodhuru inakiweka karantini."

"Karantini iko wapi?" aliuliza mtendaji.

"Popote penye mlango."

Saa sita ukaguzi ulikwisha. Wadudu walikuwa ndani ya kabati la vioo, wamekufa, wamepangwa. Kando yao ulilala mkono wa kulia wa mtendaji, kuanzia kwenye kiwiko, saa yake ikiendelea kutembea. Bwana Hezekia alikunja shati lake mahali palipobaki patupu.

"Mkono ndio tatizo?"

"Imeandika hivyo," alisema Alen. "Kiwango cha juu."

Kwenye orodha, shamba la bondeni lilikuwa limerudi kwa Mwanamisi. Saumu aliishia darasa la tano, lakini jina la mama yake alijua kulisoma. Alilisoma mara mbili, akaenda kuosha vikombe.

Wiki hiyo watu waliofika ofisini walisimama kwanza mbele ya kabati. "Shikamoo," waliuambia mkono, kwa kuwa ulikuwa wa mkubwa. Mkono uliinua kidole kimoja.

Mwanamisi alikuja kutaka hati yake ya shamba. Hakuusalimu.

"Nitasaini na nini, mama?" alisema mtendaji. "Si unaona mkono uko ndani?"

"Aprili ulikuwa nje, na ulisaini vizuri tu."

"Basi subiri. Mwandiko wa kushoto hautambuliki."

Mwanamisi alitoka akakaa kwenye benchi la ofisi, akawa anamwelezea kila aliyepita mipaka ya shamba lake. Alikaa siku nne.

Kikao cha pili kilichukua dakika kumi. Wote walitaka ya kulipia. Mzee Kristian aliwakumbusha kwamba yeye alisema, na akaomba iandikwe kwamba alisema.

"Ya kulipia ina adabu," alieleza Alen. "Kabla ya kukagua inauliza mwenye ofisi anaamini vitu gani. Hivyo haivigusi."

Mtendaji alitaja mkono wake, mdogo wake na orodha ya Aprili. Alen aliandika vyote bila kuinua uso. Mkono ulirudi kiwikoni ukiwa na vumbi kidogo, ukachukua kikombe. Jina la Stephano lilirudi shambani.

Kisha antivairasi ilikagua, ikakuta tatizo moja. Pale nje kwenye benchi, Mwanamisi alikuwa anasema "kushoto ni masa...", sauti ikakatika katikati ya neno. Mdomo uliendelea kwenda. Neno lilimalizikia kabatini. Alijishika koo, akakung'uta kanga, akaenda nyumbani.

"Sauti itatoka mwaka ukiisha," alisema Alen, "kama hamtalipia tena."

"Tutalipia," alisema Mzee Kristian.

Jumatatu iliyofuata Saumu alifagia, akachemsha chai, akafika kwenye kabati na kitambaa chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti ilijibu nyuma ya kioo, kisha ikaendelea na kazi yake. Juu ni mkuyu. Chini ni mfereji. Kushoto ni masale, niliyapanda mimi, waulize majirani.

Saumu alifuta kioo kwa nje. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mtendaji.

Bwana Hezekia aliingia, akasema mchaichai umezidi, akaketi kusaini hati ya Stephano. Sauti ilipofika kwenye masale alisogeza kiti kidogo, maana jua lilikuwa linaruka kwenye kioo na kumpiga machoni.