Mpira wa Kutembea

Kabla hakujapambazuka nilikuwa nikisikia gunzi la mahindi likigonga mguu wa kitanda. Tok. Kimya kidogo, kisha tok tena. Alikuwa ni mjukuu wangu Gachanja, ameketi ukingoni mwa kitanda, akilisukuma gunzi kwa mguu mpaka ligonge na kumrudia. Aliamini nimelala. Nami nilimwacha aamini hivyo, nikafumba macho mpaka Wamboi, mama yake, alipoanza kupuliza moto.

Niliupenda mlio ule, kwa maana nje ya nyumba mtoto huyu hakucheza na kitu chochote.

Marehemu mume wangu aliitwa Gachanja, na kwa desturi yetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa mume wangu aliyerudi. Nilimwita mzee wangu, nikamtania kwamba tangu tuoane hajaniletea hata kipande cha nyama. Majirani nao walimwita mzee, lakini wao walikuwa wakiutania mwendo wake. Alikuwa na miaka sita, na alitembea polepole, mikono ubavuni, kama mtu aliyebeba kibuyu cha maziwa kilichojaa mpaka mdomoni. Hakukimbia hata mvua iliponyesha.

Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye mashamba yetu na kutukusanya katika kijiji kimoja karibu na Ruiru, nyumba safu kwa safu, mtaro umezunguka pande zote, na lango moja lililolindwa na homgadi, watu wetu wenyewe waliovalishwa sare na serikali na kupewa bunduki. Aliyeonekana akikimbia alidhaniwa anatorokea msituni kwa wapiganaji. Kijana wa jirani alikimbia kumfuata mbuzi aliyekata kamba, akapigwa risasi ya paja. Baada ya hapo kila mama alifundisha watoto wake mambo mawili. Usikimbie. Na ukisikia filimbi, chuchumaa, mikono kichwani, mpaka uambiwe uinuke, kwa maana filimbi ilikuwa ya msako.

Watoto wengi walijifunza nusu nusu, kama watoto wanavyojifunza, na nyuma ya nyumba waliendelea kufukuzana. Gachanja alijifunza yote. Asubuhi moja filimbi ilipolia, alichuchumaa bega kwa bega na baba yake, Ndung'u, mwanangu. Sisi tuliambiwa tuinuke. Ndung'u alipandishwa kwenye lori, akapelekwa kizuizini.

Sijutii kumfundisha. Mtoto alikuwa hai, na miguu yake ilikuwa mizima. Lakini nilianza kuogopa kwamba siku lango litakapofunguliwa, wenzake watatoka na yeye atabaki ndani.

Wakati huo tulikuwa tukichuma buni katika shamba la Mzungu, mimi na Wamboi. Aliyechuma mstari wa karibu nasi aliitwa Selpha, mama kutoka Bungoma aliyeishi na mumewe katika kambi ya wafanyakazi palepale shambani. Mgongo wangu ukiniuma, Selpha alikuwa akipita na kumimina konzi za buni zake katika debe langu, kisha anaendelea na kazi kana kwamba hakufanya lolote. Ndiye aliyeniambia habari za kaka yake, Tobias Barasa. Alifanya kazi Thika, katika kiwanda cha kutia matunda kwenye mikebe, na aliichezea timu ya kiwanda. Sasa alitaka kuwaanzisha watoto wadogo katika mpira, wale ambao hata shule hawajaingia. Alisema mtu akifundishwa mpira akiwa mkubwa huupiga kana kwamba umemtukana, lakini mtoto mdogo hufanya urafiki nao kwanza. Selpha aliniomba nimlete Gachanja.

Nyapara alimwomba Mzungu, Mzungu akawaomba wakubwa, na ruhusa ikatoka: Jumapili alasiri, kwenye kiwanja cha nyasi karibu na pale buni zinapooshwa, watoto wa kijiji wasindikizwe na homgadi na warudi kabla jua halijatua. Homgadi aliyetumwa alikuwa Mburu. Nilimjua tangu anatambaa. Yeye na Ndung'u walitahiriwa msimu mmoja, na vijana waliotahiriwa pamoja kwetu ni kama ndugu wa tumbo moja. Tangu avae ile sare tulisalimiana kwa midomo tu.

Jumapili ya kwanza Barasa alifika kwa baisikeli, mtu mrefu mwenye pengo la jino la mbele, mpira wa ngozi umo ndani ya gunia mgongoni. Kabla ya kuwatazama watoto alitusalimu sisi akina mama mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Mimi aliniita kukhu, ndivyo nyanya anavyoitwa kwao. Shingoni alikuwa na filimbi yenye kung'aa ambayo timu yake ilimzawadia. Akasimama katikati ya kiwanja, akaipuliza ili watoto waje.

Watoto wa kambi walimkimbilia. Watoto wetu walichuchumaa. Wote kwa pamoja, mikono kichwani, hata wale wadogo ambao tulidhani hawajui. Na sisi akina mama, nasema kweli, magoti yetu yalianza kukunjika.

"Kuku wanataga," mtoto mmoja wa kambi akasema.

"Ngoja tukaokote mayai," mwenzake akamjibu, wakaanguka kwa kicheko.

Barasa naye alicheka, maana hakujua. Kisha akatuona nyuso zetu. Selpha alimwendea haraka akamnong'oneza, nami nikaona kile kicheko kikimtoka usoni kidogo kidogo. Aliivua filimbi akaitia mfukoni. Akauweka mpira kwenye nyasi mbele ya watoto wetu, kisha akachuchumaa yeye mwenyewe, na mikono yake akaiweka kichwani. Akawaambia watoto wa kambi nao wachuchumae, mchezo wake huanzia huku chini. Wakachuchumaa. Barasa akajaribu kuupiga mpira akiwa vilevile, mikono kichwani, akaanguka chali, miguu juu kama mende. Watoto wa kambi wakacheka, na wa kijiji wakacheka. Hata mdomo wa Mburu ulichezacheza. Kila mtoto akataka kujaribu, na kila mmoja akaanguka, mpaka ikawa hakuna tena anayejua nani alikuwa amechuchumaa kwa hofu na nani kwa mchezo.

Alipowainua aliwapa sheria moja. Kwake hakuna kukimbia. Atakayekimbia atatoka nje akae na akina kukhu.

Watoto wa kambi walinung'unika. Yule wa mayai akauliza, "Sasa huu ni mpira au ni mazishi?"

"Ni mpira wa kutembea," Barasa akasema. "Ukikimbia kabla mguu haujajua mpira, utafika wewe, mpira ubaki."

Filimbi hakuipuliza tena. Selpha alikaa kando akipiga debe la kuchumia buni kwa viganja. Debe likilia, mpira unatembea, debe likinyamaza, kila mtu anasimama alipo. Na katika mchezo huo wa kutembea, Gachanja wangu aliwazidi wote. Wengine walisahau wakakimbia, wakaletwa kukaa nasi wakiwa wamenuna. Yeye aliujua mwendo ule kuliko mtu yeyote. Mpira ulikaa karibu na mguu wake kama lile gunzi la alfajiri, nikajua ule mlio ulikuwa ukimfundisha nini. Yule mtoto wa mayai alianza kumwomba wawe upande mmoja.

Tuliendelea hivyo msimu wote wa kuchuma buni. Kisha Jumapili moja Barasa akawaambia watoto kwamba sasa miguu yao imeujua mpira, na leo watakimbia. Debe likalia. Kiwanja kizima kikafumuka, watoto wetu na wa kambi, kama vifaranga waliofunguliwa. Gachanja alibaki amesimama katikati, mikono ubavuni. Mpira ukampita. Ukarudi, ukampita tena.

Barasa hakumwita wala hakumsukuma. Alikuja akachutama mbele yangu. Aliniuliza kama mtoto ana maumivu ya mguu. Nikamwambia hana.

"Basi ni nani aliyemfundisha asikimbie, kukhu?"

"Ni mimi."

Aling'oa nyasi. "Mimi naweza kumfundisha mpira," akasema. "Lakini fundo ulilolifunga wewe, nikilifungua mimi hatasadiki."

Nilikaa nikiyafikiria maneno hayo. Mtoto hawezi kuambiwa na nyanya aliyeketi chini kwamba kukimbia si hatari, na bunduki iko palepale. Nikainuka, nikafunga leso yangu kiunoni, nikamwendea Mburu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki imelala mapajani. Tangu siku ya lori sikuwahi kusimama karibu naye namna ile.

"Mburu," nikasema, "nataka kukimbia."

Alinitazama asielewe. "Ukimbilie wapi, cucu?" akauliza, akiniita nyanya kwa Kikuyu.

"Popote. Nikimbie tu hapa kiwanjani, mjukuu wangu Gachanja anione. Nakuuliza kwanza wewe, kwa sababu yeye atakutazama wewe."

Nilidhani atanikemea. Kisha akavua koti lake, akalitandika nyasini nyuma ya jiwe, akailaza bunduki juu yake na kuifunika kwa mikono ya koti, kama mtu anayemfunika mtoto. Akageuka akakaa akiipa mgongo. Mikono yake mitupu akaiweka magotini, viganja juu, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Kimbia, cucu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kazi.

Nilirudi mpaka alipo mjukuu wangu. Nilitaka kumweleza mambo mengi, lakini niliona maneno hayatoshi, nikashika njia yetu ya siku zote, ya utani.

"Mzee wangu," nikamwambia, "mimi nakimbia. Utaniacha mkeo nikimbie peke yangu mbele za watu?"

Nikakimbia. Sikuwa nimekimbia tangu ujana wangu, na sijui nilionekanaje. Akina mama walipiga vigelegele, na Selpha akalipiga debe kama siku ya arusi. Magoti yalinilalamikia na leso ikaanza kulegea. Sikugeuka nyuma. Nilijiambia kwamba nikigeuka nitamtazama kwa macho ya kuomba, na mtoto hapaswi kuombwa hivyo.

Wamboi aliniambia baadaye yaliyotokea nyuma yangu. Gachanja alimtazama Mburu, akaitazama mikono yake. Akatafuta bunduki kwa macho, asiione. Akanitazama mimi ninavyohangaika. Kisha akatoka.

Nilisikia nyayo kabla ya kumwona. Alinifikia, na sikudhani kama angenipita, lakini alinipita, mikono haiko tena ubavuni, akaenda mpaka kwenye mistari ya kahawa, akaigusa miti kama mtu anayehakikisha kwamba ipo, akageuka, akarudi. Hakufuata mpira. Hilo wengine walilicheka. Alikimbia tu, kwenda na kurudi, mpaka pumzi ikamwishia akaja akanikumbatia kiunoni, moyo wake ukinidunda tumboni.

Mburu alikuwa akitazama upande mwingine, akijifuta uso kwa mkono wa shati. Jua lilipoelekea kutua alivaa koti lake na kuichukua bunduki, naye aliichukua polepole, mdomo wa bunduki ukiwa umeelekea chini. Njiani kurudi kijijini alitembea nyuma yetu sote. Pale penye mtaro, nilipoteleza, nilihisi mkono chini ya kiwiko changu. Tangu siku hiyo nilimsalimu kwa jina la rika lao, yeye na Ndung'u.

Lakini kabla ya hapo, wakati Barasa anafunga gunia lake la mpira kwenye baisikeli aondoke kwenda Thika, Gachanja aliniponyoka. Mtoto huyu hakuwahi kumsemesha mgeni, hata Barasa mwenyewe alikuwa akimwitikia kwa kichwa tu. Alimfuata mbio mpaka ukingo wa barabara, mahali ambapo sisi hatukuruhusiwa kuvuka bila pasi ya serikali, akasimama hapo hapo, vidole vya miguu vikiwa kwenye mwisho wa nyasi. Barasa akashusha mguu mmoja chini, akangoja.

"Jumapili uje tena," Gachanja akamwambia. "Uje na ile filimbi."