Malaika, Jiwe na Shimo la Choo

Klabu ya Fikra ilifariki Jumatatu asubuhi, mstarini, kabla ya uji. Aliyetangaza msiba ni Mwalimu Kisyeri, makamu mkuu wa shule, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto. Alisema choo cha wasichana kimejaa, kwa hiyo wanachama wa klabu hiyo, ambao kazi yao ni kukaa na kuwaza, watachimba shimo jipya kila Jumamosi mpaka liishe.

"Mtawazia huko huko chini," alisema. "Kuna utulivu."

Moyo wa Ghati, mmoja wa wanachama, ulishuka mpaka kwenye soksi. Katika shule nzima ile ya Nyamwaga, klabu ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo mdomo wake haukuhesabiwa kuwa kosa. Darasani akiuliza, "Umejuaje?" anapigishwa magoti. Klabuni akiuliza hivyo hivyo, Mwalimu Benedicto, mlezi wao, kijana aliyevaa tai hata akienda kuchota maji, humwambia, "Swali zuri, Ghati. Endelea." Nani mwingine duniani aliwahi kumwomba Ghati aendelee?

Na shimo lenyewe lilikuwa mwamba mtupu. Jumamosi ya kwanza walichimba mpaka jioni, wakapata mahali pa kuzika paka, tena paka mwembamba. Kwa mwendo ule, choo kingefunguliwa na wajukuu wao.

Ndipo Ghati, aliyekuwa na zamu ya kutunza ufunguo wa stoo, akaingia ndani kunakowekwa vifaa vya igizo la Krismasi, akatoka na kopo la rangi ya dhahabu iliyobaki baada ya kupaka mabawa ya malaika. Alitafuta jiwe la heshima, akalichora mishipa myembamba kwa uchaji mkubwa. Ghati alitoka Serengeti, kwenye watu wa mifugo. Kuhusu ng'ombe, angeweza kukutajia mama yake, bibi yake na tabia za ukoo mzima. Kuhusu mawe, alijua tu kwamba yanaumiza vidole. Jumamosi alfajiri akalitumbukiza shimoni na kulifunika udongo.

Aliyelifukua ni Boke, rafiki yake wa kitanda cha juu, msichana wa Genkuru, kijiji cha wachimba dhahabu. Boke alipiga yowe ambalo Mwalimu Kisyeri alilisikia akiwa ofisini. Alikuja mbio, akalitwaa jiwe kabla mtu mwingine hajalisogelea, akalifuta, kisha akalilamba, kama wachimba dhahabu wanavyofanya wakitaka kuona rangi yake. Akatazama mbinguni. Akalifunga kwenye leso, akatia mfukoni.

"Endeleeni," alisema, akaondoka.

Boke alimshika Ghati mkono. "Umeona? Amenyamaza."

"Sasa?"

"Ninyi watu wa ng'ombe mna shida kweli. Kwetu mtu akikosa dhahabu, analalamika mpaka Sirari wanamsikia. Akipata, ananyamaza. Mjomba wangu alipopata, alinyamaza mpaka mke wake akamwita mchungaji amwombee."

"Na makamu ni mtu wa Nyangoto, machimboni kabisa," alidakia Joel, mwenyekiti wa klabu. "Waliopata hunyamaza. Makamu amenyamaza. Basi makamu amepata!"

Wiki chache nyuma, Mwalimu Benedicto aliwafundisha mfano wa hoja mbovu: ng'ombe ana miguu minne, meza ina miguu minne, basi meza ni ng'ombe. Siku ile walicheka mpaka Joel akaanguka kwenye benchi. Leo hakucheka mtu. Joel alikuwa tayari yumo shimoni.

Jamani, shule ilichimba! Walichimba kwa sururu, kwa majembe, kwa sahani za bati. Timu ya mpira iliacha mpira unabiringika peke yake. Kwaya ilishuka ikachimba kwa sauti nne. Mwalimu Benedicto alikuja kuwakumbusha habari ya meza, akachungulia, akavua tai. Hakuna aliyewahi kujua kwamba ile tai inavulika.

Ghati alisimama pembeni akiwa na furaha ya jenerali, mpaka Boke alipotoka kupumua. Viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu.

"Tukipata, nusu yangu ni yako," Boke alisema. "Usibishe."

Furaha ya jenerali ikaisha pale pale. Ghati alipanda juu ya rundo la udongo.

"Wenzangu! Hakuna dhahabu. Lile jiwe nimelipaka rangi mimi!"

Kicheko kikatoka ardhini.

"Wewe ndiye uliyesema mkaguzi anakuja, tukafagia mpaka porini!" alipaza Joel.

"Naapa, safari hii ni kweli!"

"Hata mkaguzi ulimwapia! Jamani, huyu anataka tuondoke abaki peke yake!"

Wakaongeza kasi. Ghati aliteremka akiwa mtu pekee aliyeujua ukweli, na ukweli huo haukuwa na mnunuzi. Akawaza. Hawa ni wengi, yeye ni mmoja. Tena alipaka juu tu. Ndani alipaka nani? Na mtu wa Nyangoto anyamaze bure?

Akachukua sururu.

Jua lilipokaribia kuzama, Mwalimu Kisyeri alikuja na mti mrefu, akautumbukiza shimoni, akautoa, akatabasamu.

"Inatosha. Choo kizuri sana."

"Mwalimu, na lile jiwe?" Boke aliuliza.

Akalitoa kwenye leso. "Mabawa ya malaika niliyapaka mimi, brashi nimeibana kwa meno. Ladha ya rangi hii siwezi kuisahau. Na ufunguo wa stoo, Ghati, uliuacha mlangoni. Ila nieleze kitu kimoja: wewe uliyelipaka, humo ndani unachimba nini?"

Ghati alikuwa chini kabisa, udongo umemfika masikioni. Shule nzima iliangua kicheko, na Joel ndiye aliyezidi wote, kana kwamba yeye alikuja kutembea tu.

"Kwa uongo huu," makamu akaendelea, "klabu naifunga moja kwa moja."

"Shikamoo mwalimu," sauti ilitoka shimoni. "Naomba kuuliza."

"Marahaba. Uliza ukiwa humo humo."

"Mimi nimedanganya kwa rangi. Mwalimu alijua, akanyamaza ili tuamini, apate choo. Tofauti yetu ni ipi?"

Mwalimu Kisyeri alijinyoosha kimo chake chote. "Tofauti ni kwamba mimi ni makamu."

"Hiyo ni hoja, mwalimu," Benedicto aliuliza kwa upole, tai ikining'inia mfukoni, "au ni cheo?"

Makamu alilifunga tena jiwe kwenye leso. "Nitajibu Jumamosi," alisema. "Klabuni. Niwekeeni kiti cha mbele. Na Ghati atasafisha choo hiki mpaka siku nitakayomshinda kwa hoja."

Boke aliinama, akanyoosha mkono wake wenye malengelenge. "Shika, mwongo wee. Nusu ya choo ni yangu."

Ghati alishika, akipanda huku akiomba kimoyomoyo hoja za makamu ziwe dhaifu. Kisha akakumbuka nani atakayeshika fagio, akaanza kuomba upya.