Fuko wa Bustani ya Hedwiga

Mie sina kijicho. Waulize wanaonijua hapa mtaa wa Observatory, watakwambia Tumu ana mdomo, lakini kijicho hana. Ila Hedwiga, jamani, Hedwiga alinizidi.

Tunatenganishwa na ukuta mmoja, mwaka wa ishirini na mbili huu. Yeye Mchaga wa Machame, mie wa Tanga. Wote wawili tuliolewa kule Morogoro na wakimbizi wa siasa wa nchi hii, enzi za makaburu, tukaletwa huku waume zetu waliporudi kwao, na wote wawili tumeshawazika. Mpaka hapo tuko sawa. Tofauti inaanzia kwenye maua.

Mie nina mawaridi kumi na manne. Nayapogoa Julai, nayatilia samadi, nayapulizia dawa ya wadudu, nayamwagilia kila asubuhi. Kiuno changu kimeishia pale. Hedwiga je? Hedwiga ni fundi cherehani. Ikifika Septemba, msimu wa harusi, hata chai anainywa amesimama. Bustani yake haijui jembe wala mpira wa maji, na ndiyo inayochanua! Ana airisi alizorithi kwa mama mkwe wake, mizizi minene imelala juu ya udongo kama tangawizi. Baridi yote zimejilalia, Septemba zinaamka zenyewe, maua rangi ya damu ya mzee, na ndevu za njano katikati ya ua. Rangi ile mtaa mzima hakuna mwenye nayo. Basi anatoka na futi shingoni, kikombe mkononi, anasimama dakika mbili.

"Jirani, umeona yalivyorudi?"

Nimeona. Macho ninayo.

Hayo ningeyavumilia, lakini akanifikia kwa mwanangu. Yasmin ninaye mmoja tu. Kiswahili anakisikia vizuri, ila mie hunijibu Kiingereza. Akivuka kwa Hedwiga namsikia juu ya ukuta: "Shikamoo Mama Hedwiga, leo umepika nini?" Kiswahili hicho, kimenyooka! Mie niliyemzaa sijawahi hata kuombwa chumvi kwa Kiswahili.

Mwaka jana tulipokea posa ya Luqman, kijana wa Kizanzibari, harusi ikapangwa Septemba hii. Wiki ileile Yasmin akachungulia ng'ambo ya ukuta, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba siku hiyo anataka Luqman aje kumchukulia kwa Mama Hedwiga. Kule kuna maua.

"Na mawaridi yangu?"

"Ya kwako kila siku yanaumwa, Ma."

Bibi harusi hutolewa kwao. Akitolewa kwa jirani, watu watauliza mama yake amekufa au amefanya nini. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mwanangu atoke kwenye geti langu.

Februari Hedwiga akaenda Machame kumzika kaka yake. Ufunguo wa geti aliniachia mie. Sina la kujitetea hapo. Siku ya tatu, asubuhi kweupe, niliingia na jembe langu, nikachimba pale katikati airisi zilipobanana kabisa. Nilichimba asubuhi mbili, mpaka kiuno kikagoma, nikaziacha za pembeni zife kwa upweke. Yalijaa magunia matatu. Mawili yakaenda na gari la taka. La tatu nilishindwa kulibeba, nikalimwaga nyuma ya tangi langu la maji, mizizi ikaukie pale.

Hedwiga aliporudi alisimama juu ya mashimo na sanduku lake mkononi.

"Jirani, nani kaingia humu?"

"Fuko," nikasema. "Mafuko yamezidi mwaka huu, Hedwiga, we acha tu."

Akayatazama mashimo. Akanitazama mie. Akaingia ndani kushona.

Waliosema mpewa hapokonyeki hawakukosea. Septemba ilipoingia, bustani ile ilichanua kwa fujo. Palipokuwa na ua moja sasa yako matatu, tena makubwa kama sahani! Hedwiga akaja ukutani akicheka.

"Yule fuko Mungu ambariki! Mizizi ilikuwa imebanana, mwaka wa tatu huu maua yanapungua. Kila siku nasema nitaipunguza, cherehani hainipi nafasi. Kanifanyia kazi bure!"

Yalikuwa yanapungua? Mie sikuona. Mwaka jana niliona maua tu, kila mahali maua. Haya basi, kijicho ninacho. Nimesema.

Siku ya harusi ikafika, na maji yamekatika siku ya nne. Mawaridi yangu yameinama, vitumba vinadondoka. Kwa Hedwiga viti vimeshapangwa kati ya maua, hayana habari na maji wala mwenye maji. Mie niko jikoni, nakuna nazi kwa hasira hata kidole nimekikuna. Yasmin akaja na ndoo, hina mikononi, kanga kifuani, maana kwa Hedwiga, alikokuwa akipambwa, bomba kavu. Nyuma yake Ilham, shangazi yake Luqman, na wanawake aliokuja nao kutoka mtaa wa La Rochelle. Wakazunguka kwenye tangi.

"Mama!"

Nikatoka mbio. Nyuma ya tangi yamesimama maua matatu. Damu ya mzee, ndevu za njano.

"Mama," Yasmin akasema, "haya umeyatoa wapi?"

Kwa Kiswahili. Miaka ishirini na sita nimekingoja Kiswahili chake, kikaja na swali hilo. Wanawake wote wananitazama.

Hedwiga akatokea kwenye geti, gauni jeupe mkononi, pini mdomoni. Akayaona maua. Akaniona mie. Akazitoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake.

"Nilimpa mimi," akasema. "Mwezi wa pili. Nikamwambia ayafiche huko nyuma, ikifika leo yawe zawadi yako. Bibi harusi hutoka kwa mama yake, mwanangu. Ulidhani angekuachia utokee kwangu?"

Yasmin akaiachia ndoo. Akanikumbatia na hina yake mbichi, ikanichafua gauni zima. "Mama, mbona hukuniambia? Basi natoka hapa. Natoka kwetu."

Ilham akapiga kigelegele, wenzake wakadaka. Vijana wakaanza kuvirusha viti juu ya ukuta. Hedwiga akanipitia karibu kwenda kumvisha bibi harusi, akaniinamia sikioni.

"Na upande wa getini umebanana, fuko wangu. Februari uje na jembe."

Luqman akaja na watu wake, wakagonga geti langu. Yasmin akatokea mlango wangu, ua moja la damu ya mzee mkononi, akanibusu mkono mbele za watu. Nilichokitaka nilikipata, hakikupungua hata punje. Nikalia mpaka wanja ukashuka. Wanawake wakanifuta, wakasema mwacheni, mtoto mwenyewe ni mmoja.

Mtoto sikumlilia. Nililia kwa sababu hata wema Hedwiga kanizidi, na huo nao haukumtoa jasho.