Mwaka wa Pili Kwenye Jiwe

Kitambaa chekundu kilikuwa kimefunika jiwe ukutani, kando ya mimbari, na Emrys hakuliondolea jicho tangu alipoketi. Alivaa suti aliyoivaa siku ya kumzika mkewe. Kanisa la Cwmerfyl lilifurika, wakiwemo watu ambao hawakulikanyaga tangu ubatizo wao, maana ibada ilikuwa ya kumkumbuka Zephaniah Pryce, aliyewasha tanuri la kwanza la chuma bondeni humo enzi za mababu wa mababu zao.

Hata hivyo hakuna aliyekuja kwa ajili ya marehemu. Walikuja kumtazama mkurugenzi wa kiwanda. Tangu majira ya baridi kampuni ilikuwa imeacha kuyeyusha chuma, na tanuri lililishwa makaa kidogo tu lisipoe, kwa sababu likipoa, chuma kilichomo huganda na tanuri huwa limekufa. Huw, mwanawe Emrys, alikuwa miongoni mwa wachache waliobakizwa kulilisha. Kampuni ilisema bado inatafakari kama irudie kazi au ifunge.

Katikati ya kutafakari huko Huw akapata kazi mjini Bristol, mbali na bonde, na Emrys ndiye aliyemkataza.

"Tumia akili, mwanangu," alimwambia mezani, kijiko kikiwa hewani. "Mtu anayetaka kuua tanuri atanunua jiwe la kumsifu aliyeliwasha? Hawa wanarudi."

Huw alimwita nabii, akacheka, kisha akapiga simu Bristol kuikataa kazi. Usiku ule Emrys alilala fofofo.

"Mkurugenzi anatabasamu," Bi Nesta, jirani yake, alimnong'oneza sasa.

"Si unaona? Niliwaambia mimi."

"Hata daktari wa meno hutabasamu, Emrys."

Huw, aliyeketi upande wa pili na nguo zake za kazi, alijikohoza ili asicheke.

Waliimba, na Emrys akaimba kwa sauti nzito iliyowageuza watu shingo. Kasisi akaliombea jiwe. Mkurugenzi akavuta kamba. Kitambaa kikanasa pembeni, watu wakacheka kidogo, akavuta tena kikaanguka.

Maandishi yalipendeza, yamechongwa kwa mkono kwenye jiwe jeusi. Juu jina la Pryce, chini yake jina la kiwanda, kisha miaka miwili: ule wa kuwashwa kwa tanuri na, baada ya kistari, mwaka huu, kama kwenye kaburi.

Makofi yalianza, yakafifia safu baada ya safu, kadiri macho yalivyofika chini. Mkurugenzi naye aligeuka kusoma, na tabasamu likamwisha. Bila shaka alipanga kuwaambia baadaye, wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Mchonga mawe hakuambiwa kwamba ni siri.

"Jiwe kama hili halichongwi kwa siku moja," Bi Nesta alisema, hanong'oni tena. "Walijua zamani."

Emrys aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Alishindwa kumtazama mwanawe.

"Nimekuponza, Huw."

Huw akaokota kofia yake ngumu chini ya benchi. "Acha, Baba. Nachelewa zamu."

"Zamu ya nini tena?"

"Moto haujui kusoma."

Emrys alimfuata hadi mlangoni. Akatoa mfukoni mkate wenye jibini aliojifungashia mwenyewe. Huw aliupokea, akashuka kilima kwa mwendo ule ule wa kila siku, na baba yake akabaki pale akiutafuta moshi kwa macho, kama alivyozoea.