Kitambaa cha Kupangusia Mtiki

Shemeji yangu alinifukuza karakanani kabla udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka. Alisimama mlangoni, funguo mkononi, akaniambia mbele ya mafundi wote: "Shemeji, nenda kapumzike. Hapa kazi yako ilikuwa kupangusa vumbi tu." Mafundi wakacheka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nikachutama. Lakini moyoni niliapa kwamba huyu mtu atanikoma.

Eti vumbi! Miaka yote ile mimi ndiye niliyepangusa mbao za mtiki kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuzimulia rangi, mume wangu akinifuata na gundi. Mtiki una mafuta ndani yake. Kwa mafuta hayo mchwa anaukimbia, na mvua inaupiga mpaka inachoka yenyewe. Lakini mafuta hayohayo yanaikataa gundi. Ukisharanda, upanguse palepale na ugundishe kabla hayajapanda tena juu. Usipopangusa, kiungo kinashika kinafiki: leo kizima, kesho kinakuachia.

Mume wangu watu walimwita Fundi Kofia, na hakuna kiti chake kilichowahi kurudishwa kwa ubovu. Shemeji aliliacha jina hilo kwenye kibao cha mlangoni, maana ndilo lililoleta wateja. Shule ya jirani ikaja kuagiza viti vya ukumbini. Walitaka vya Fundi Kofia, si vya mwingine.

Chumba changu kiko nyuma ya karakana, dirisha linatazama benchi la kazi. Nikamwona shemeji anapaka gundi kwenye mbao zilizorandwa wiki iliyopita, hajapangusa hata moja, tena anapiga mluzi. Neno moja tu langu lingemwokoa. Nikavuta pazia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi si mama yake.

Siku ya kukabidhi viti nilivaa nikapendeza, nikakaa nyuma kabisa, kwenye benchi la zamani la shule. Wazazi walijaa. Shemeji, na suti yake mpya, akajitupa kwa madaha kwenye kiti cha mbele, akaegemea, akakunja nne. Kiti kikalia kwaa! Miguu ikaenda kila mmoja na njia yake, bwana mkubwa akajikuta sakafuni, puu! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Jamani, nilishiba.

Mwalimu mkuu, mama asiye na mchezo, akatikisa kiti kingine. Nacho kikaachia. "Hivi ndivyo viti vya Fundi Kofia?"

Shemeji, kashika kiuno, akajibu bila haya: "Ndivyo, mwalimu. Marehemu alivigundisha mwenyewe kabla hajafariki, akaviacha stoo. Mimi nimevileta tu."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Watu wakaanza kunong'ona: kumbe yule mzee alikuwa anatuuzia jina tu! Mume wangu amelala kaburini, hawezi kujitetea, na ndugu yake wa tumbo moja anamtupia uoza wake.

Nikasimama. "Mwongo mkubwa we! Umevigundisha wewe, juzijuzi, nikikuona kwa macho yangu dirishani. Hukupangusa mafuta. Mume wangu hakuwahi kufanya kazi chafu namna hii!"

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Mama, ulimwona? Na ulijua vitaachia?"

Ningeweza kusema sikujua. Lakini basi nani angeniamini kuhusu mume wangu?

"Nilijua."

"Na kama ningekalia mimi?"

"Ungeanguka, mwalimu. Pole."

Safari hii hakucheka mtu. Shemeji alibebeshwa viti vyake vyote, na tangu siku ile hakuna anayemwagiza hata kigoda. Wala mimi siitwi kwa mtu. Nikipita barabarani nasikia wanasema: Fundi Kofia alikuwa fundi kweli, ila mkewe ana roho mbaya. Hilo la kwanza ndilo nililolitaka. La pili waseme tu, sijakana.