Polka ya Mlangoni

Marlys Sobczak, mhudumu wa baa, alikuwa ameinama mlangoni, akinyunyiza chumvi juu ya barafu ili iyeyuke, na kuitukana kwa matusi yote aliyorithi kwa mama yake, mwanamke wa Kipolandi aliyejua matusi kuliko sala. Chumvi nayo ilikuwa imepanda bei tena. Kwa hiyo aliitia kidogokidogo, kama anayetia sukari kwenye chai ya mgeni asiyempenda.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, mwezi wa pili, na Minnesota nzima ilikuwa imeganda kama nyama ya friji. Ndani, Wally Hruska mwenye baa alikuwa anakaanga samaki na kunung'unikia bei ya mafuta. Baada ya chakula ndipo polka, ule muziki wa dansi ya kurukaruka, ingeanza, kama kila Jumamosi. Watu hawakuja kwa Wally kwa ajili ya samaki, jamani. Samaki wa Wally walikuwa wamekufa mara mbili. Walikuja kwa muziki. Na Wally alishasema wazi kwamba leseni ya muziki ikiondoka, anauza jengo siku hiyohiyo. Chumba cha juu ya baa ndimo Marlys alimolala tangu mumewe alipohamia Florida na mwanamke mwenye mashua. Jengo likiuzwa, kitanda kimeuzwa, na yeye juu yake.

Gari la jiji likasimama. Akashuka kijana mmoja amevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, akakanyaga hatua moja, na miguu yote ikataka kwenda njia zake. Marlys akamdaka kiwiko.

"Shika hapa, baba. Utavunja kiuno na mimi sina wa kukuuguza."

"Asante, mama. Mimi ni Castellano, wa leseni. Nimehamia kutoka Arizona, kule jangwani, juzijuzi."

"Naona," Marlys akasema, akitazama viatu.

Alipokaa kaunta na kupewa kahawa, Castellano akaeleza shida yake kwa upole. Kuna watu wa maghorofa mapya ya ng'ambo ya barabara wamepiga simu kulalamikia kelele. Yeye ametumwa kuwauliza majirani. Wakisema wanaupenda muziki, leseni inaendelea. Wasipoupenda, muziki unasimama leo, hadi kikao cha Aprili.

Marlys nusura acheke. Waulizwe hawa? Wanaokuja hata theluji ikiwa kifuani?

"Waulize tu, mwanangu," akasema, akafuta kaunta iliyokuwa safi tayari.

Castellano akafungua kishikwambi chake, akamgeukia Bibi Ingeborg Tollefson. Huyu nyumba yake inagusana ukuta na baa, na amezika waume wawili bila kukosa Jumamosi hata moja.

"Mama, unauonaje muziki wa hapa?"

Bibi Tollefson akafikiri. Akameza samaki. Akafikiri tena.

"Si mbaya sana," akasema.

Marlys akafuta kaunta tena, kwa furaha. Binti wa bibi huyu alipopata udaktari, mama mtu alisema maneno hayohayo, halafu akaenda chooni kulia.

Castellano akaandika. Akamgeukia Duane, dereva wa gari la kusukuma theluji, mtu ambaye mkewe mwenyewe hajui sauti yake vizuri.

"Nimeshasikia mbaya zaidi," Duane akasema, akaongeza kwa nguvu, "mara nyingi."

Sasa Marlys akalazimika kugeuka na kujifanya anapanga glasi. Duane kutoa sentensi mbili! Tena mbele ya watu!

Wa tatu alikuwa Bwana Gunderson, daktari wa meno mstaafu anayekaa kwenye hayo maghorofa ya ng'ambo, aliyekuja kuchukua samaki wa kufungiwa.

"Ni muziki wa tofauti," akasema, akivaa glavu. "Wa tofauti kabisa. Mtu anayependa vitu vya namna hiyo, nadhani atavipenda."

Bibi Tollefson akaweka uma chini. Kule jikoni hata mafuta yalionekana kuacha kuchemka. Tangu Wally afungue mlango ule, hakuna mtu aliyewahi kutukana waziwazi namna hiyo. Gunderson akachukua samaki wake, akatakia watu wote mchana mwema, akatoka.

Castellano akabonyeza kishikwambi, kikalia *ting*. Akashusha pumzi.

"Poleni sana. Nilitaka iwe vingine. Lakini majirani hawaupendi, ila huyu bwana aliyetoka sasa hivi."

Marlys akadhani ni utani wa Arizona. Akacheka. Castellano hakucheka.

"Subiri. Huyo ndiye pekee anayeuchukia!"

"Mama, nimewauliza kwa mdomo wangu. Mmoja kasema si mbaya sana. Mwingine kasema kasikia mbaya zaidi. Kwetu mtu akipenda kitu anasema anakipenda."

"Hadharani?"

"Hadharani."

Marlys akamtazama kwa huruma. Ama kweli jua kali lina madhara yake.

"Sikiliza, baba. Hapa mtu akisema si mbaya, maana yake ni nzuri."

"Na tofauti?"

"Hilo ni tusi. Tena zito."

"Na wakisema ni nzuri?"

Marlys akasimamisha kitambaa juu ya kaunta. Hilo hakuwahi kuulizwa. "Sijui," akasema. "Sijawahi kusikia."

Castellano akajikuna kichwa chini ya kofia. Ukweli ni kwamba aliamini, usoni ilionekana. Lakini akageuza kishikwambi amwonyeshe. "Nimeshatuma. Kikishatuma hakirudishi. Ingekuwa jana ningempigia mkubwa wangu, lakini Jumamosi hapokei. Rufaa ni Aprili."

"Aprili mimi nitakuwa nalala kwenye gari!" Marlys akawageukia wengine. "Bibi, mwambie basi! Mwambie unaupenda!"

Bibi Tollefson akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

"Kijana wa watu ana kazi yake, Marlys. Tusimtie matatani."

"Duane!"

Duane akatazama mabuti yake. Sentensi zake za mwaka zilikuwa zimekwisha.

Marlys hakuelewa. Hawa ndio watu wanaoamka gizani kukufukulia gari kwenye theluji, kisha wanakimbia usije ukawashukuru. Na leo wameshindwa neno moja. Akaona basi, atalisema yeye. Akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Bwana Castellano, muziki huu ni..." Watu wote walikuwa wanamtazama, na aibu ikampanda kana kwamba kavua nguo. "Ni... sawa tu," akamalizia, akatamani kujipiga na chupa.

Wakati huohuo akaingia Lenny Wasik, mpigaji wa polka, kodiani yake, kile kinanda cha mvukuto, imening'inia kifuani kwa sababu mkoba wake ulikufa zamani. Akamkuta Castellano amepiga magoti kwenye jukwaa dogo, anabandika kibandiko chekundu juu ya soketi ya spika.

"Hakuna muziki ndani ya jengo," Castellano akasema bila kumtazama mtu. "Samahanini."

"Mh," Lenny akajibu. "Hayo mambo ya tofauti kweli."

Castellano akasitasita, akitaka kushukuru. Marlys akatikisa kichwa: usishukuru, ni lile tusi.

Castellano akatoka, akaingia garini, akawasha injini ipate moto. Ndani, Bibi Tollefson akajipiga magoti kwa viganja, *pa!*, akasema, "Haya basi," na kwa ishara hiyo kila mtu akainuka na kuanza kuvaa koti.

Sasa, kuaga kwa watu hawa si jambo la kukurupuka. Wanaaga wakiwa wamekaa, wanaaga wakiwa wamesimama, kisha wanakwenda kuziba mlango na hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Wakaziba mlango. Nusu yao wakawa ndani na nusu nje, kila mmoja akimwambia mwenzake aangalie kulungu barabarani. Lenny alikuwa katikati, mguu mmoja huku na mwingine kule. Akabonyeza kodiani kidogo, kama anayejikohoza. Akabonyeza tena, na polka ikatoka, nyembamba kwa baridi, lakini ikatoka. Duane akaanza kugonga mwimo wa mlango kwa funguo za gari.

Castellano akarudi mbio, mikono imetandazwa asianguke.

"Jamani! Nimesema muziki hapana!"

"Ndani ya jengo," Marlys akasema. Alikuwa ameukinga mlango kwa nyonga usijifunge. "Ulisema ndani."

Castellano akatazama mguu wa Lenny uliokuwa ndani. Akatazama wa nje. Kodiani yenyewe ilikuwa inavutwa nje na kusukumwa ndani.

"Wanafanya nini hawa?"

"Wanaondoka, baba. Huoni wamevaa makoti?"

"Wataondoka saa ngapi?"

"Wameshaaga," Marlys akasema.

Kijana akainua kishikwambi, akakiteremsha. Hapakuwa na mahali pa kuandika jambo kama lile. Pua yake ilikuwa nyekundu, na Bibi Tollefson, bila kumwomba ruhusa, akamvua kofia na kumvisha vizuri, mpaka chini ya masikio.

Marlys hakujua kama wameshinda, wala kama wiki ijayo kutakuwa na baa ya kufungua. Kibandiko bado kilikuwa chekundu kule ndani. Joto lote la gesi ya Wally lilikuwa linapita kando ya miguu yake kwenda barabarani.

"Marlys!" Wally akapiga kelele kutoka jikoni. "Funga huo mlango! Gesi unalipia wewe?"

"Nafunga!" Marlys akajibu, akausukuma ukafunguka zaidi.